Saba na Saba

Jumapili, 27 Aprili

Nesi Justus wa kliniki ya kifafa amenipa kazi ya kuandika. Kila siku mstari mmoja, asema: dawa imemezwa au haikumezwa, mtoto ameanguka au hakuanguka. Nimenunua daftari la kurasa tisini na sita. Mimi si mtu wa mstari mmoja, na yeye atajua hivyo siku akianza kusoma.

Basi aanze na haya. Cindy ana miaka minane, yuko Gredi ya pili. Tangu ana miaka mitano huanguka, mwili ukakakamaa, halafu akatetemeka. Juzi ameanzishiwa dawa, na anatakiwa kumeza kidonge saa moja asubuhi na kingine saa moja jioni, asiruke hata kimoja. Twaishi Mikindani, yeye na mimi na mavyaa wangu, Mama Kahaso. Mume wangu Lenox huendesha lori la makontena mpaka Malaba, na sauti yake twaijua kuliko sura yake. Mimi hufungasha chai kwenye ghala la Changamwe, wiki moja mchana, wiki ya pili usiku. Wiki ya mchana nampa dawa mwenyewe. Wiki ya usiku naondoka saa kumi na moja jioni na kurudi saa mbili asubuhi, kwa hiyo mavyaa ndiye mwenye dawa. Nimemwandikia kwa kalamu nene juu ya kifuniko cha mkebe: 7 na 7. Alisoma ngumbaru akiwa na miaka hamsini na mitano, na tangu hapo hakuna kibao cha duka kinachompita bila kusomwa kwa sauti.

Kesho shule inafunguliwa. Jirani amenishauri nisiwaambie walimu Cindy ana nini. Nitawaambia kesho hiyo hiyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimewaambia. Mwalimu mkuu, Madam Margret, aliniuliza kama inaambukiza. Nikamjibu haiambukizi. Akaandika kitu kwenye karatasi, nadhani aliandika kinyume.

Jumanne, 29 Aprili

Dawa, ndiyo. Kuanguka, hakuna.

Jumatano, 30 Aprili

Vivyo hivyo. Mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Jana jioni nimeanza wiki ya usiku. Asubuhi nimerudi nikamkuta Cindy kalala, shule hakwenda. Alianguka alfajiri, kitandani. Mavyaa asema ilichukua muda wa kukariri Baba Yetu mara tatu, pole pole. Nimeuliza, "Dawa alimeza?" Akasema, "Alimeza." Ameuma ulimi kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna. Mvua imeingia jikoni.

Jumapili, 11 Mei

Cindy amelala kanisani tangu wimbo wa kwanza hadi matangazo. Nilimtikisa, akaniangalia kama hanijui. Hakuanguka. Mama mmoja kiti cha nyuma alinong'ona neno nyuni. Kwa wasiotoka kwetu, nyuni ni yule ndege wa pepo ambaye watu husema humtua mtoto akamtetemesha. Niligeuka nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo, "Ni kifafa, mama. Kifafa. Kina dawa." Padri alikohoa. Akohoe.

Jumanne, 13 Mei

Wiki ya mchana. Hakuna, hakuna, hakuna. Napenda kuandika hakuna.

Jumatatu, 19 Mei

Leo nina mengi.

Nimerudi kutoka kazini, hata kanga sijabadilisha, simu ikalia. Cindy alianguka paredini, wakati bendera inapandishwa, mbele ya shule nzima. Nimefika nikamkuta chini ya ukuta wa choo. Ndiko walikomburuta ili watoto wasione. Kijiko mdomoni, cha chuma, na jino moja la mbele limevunjika. Mtu alikuwa amemvua mwalimu mmoja kiatu akamwekea mtoto wangu puani, kwa sababu kiatu chanuka na eti kifafa chaogopa harufu. Mwalimu wake wa darasa, Bramwel, kijana wa bara, alikuwa amesimama mbali, uso umemkauka.

Nilimwambia, "Mwalimu, mtoto wako yuko chini na wewe uko kule?"

Akasema, "Mama Cindy, pole. Hiyo maneno sijawahi kuiona. Niliogopa ile povu."

Angalau alisema kweli. Madam Margret hakusema pole. Alisema, "Mama, hii ni shule, si hospitali."

Nikamjibu, "Ndiyo maana nimemleta asome."

Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani, yeye na mkoba wake. Mavyaa alitupokea mlangoni. Nilipomvua Cindy sare nikaona uzi mweusi kiunoni, umefungwa fundo saba. Nikauliza ni wa nani. Mavyaa akasema ni wake, ameufunga yeye, na uzi haumezwi, kwa hiyo haugombani na kidonge. Nimeanza kuwaza, na sipendi ninachowaza.

Jumanne, 20 Mei

Nimehesabu vidonge. Vimepungua sawasawa, viwili kwa siku. Lakini kidonge kinaweza kutoka mkebeni kisifike tumboni.

Ijumaa, 23 Mei

Cindy ameniambia shuleni ana kikombe chake peke yake, kimepakwa rangi nyekundu. Alidhani ni zawadi.

Jumatatu, 26 Mei

Nimechelewa kazini kwa makusudi. Nimekwenda shule saa ya uji, nikaomba kikombe chekundu, nikamwomba mpishi ajaze, nikanywa mbele ya Madam Margret mpaka tone la mwisho. Kisha nikaomba kikombe chochote kingine, Cindy akanywea hicho, na mimi nikakinywea baada yake. Watoto walitutazama kama sinema. Nikamwambia, "Madam, nikianguka kesho nipigie." Kikombe nimeondoka nacho. Msimamizi wangu kazini amenikaripia, na sikujali.

Alhamisi, 29 Mei

Hakuna. Mvua imepungua, mbu wameongezeka.

Jumatatu, 2 Juni

Sikukuu, hakuna shule. Wiki ya usiku tena. Ameanguka uani, kando ya karo la kuoshea vyombo. Dakika mbili. Nilikuwa nimerudi, kwa hiyo safari hii nimeiona mwenyewe: nikamlaza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa, nikahesabu. Mavyaa alikuwa amepiga magoti kando, akimwita Mulungu. Alipomaliza kuomba alisema, "Na dawa nimempa." Hakuna aliyemuuliza.

Jumapili, 8 Juni

Amelala kanisani tena. Sasa hata padri amezoea.

Jumatatu, 9 Juni

Kliniki. Nesi Justus amesoma daftari lote, pamoja na ya padri, akacheka. Halafu akaacha kucheka. Alichukua kalamu nyekundu akazungushia tarehe: tano Mei, kumi na tisa Mei, mbili Juni.

"Zote Jumatatu," akasema. "Na zote wiki ambayo wewe uko kazini usiku. Nani humpa dawa wiki hizo?"

"Bibi yake."

"Humpa?"

Nesi akasema kama hali ni hii, daktari ataongeza dawa ya pili, na hiyo ya pili itamfanya mtoto azubae, asishike masomo vizuri. "Kabla hatujafika huko," akasema, "hakikisha hii ya kwanza inamezwa. Na ujue, mama: hata ikimezwa vizuri, dawa hupunguza. Haitoi ahadi."

Kwa hiyo mtoto wangu atapumbazwa na dawa asiyoihitaji kwa sababu mtu mmoja ndani ya nyumba yangu anaamini uzi. Nimerudi nyumbani. Nimempigia Lenox, yuko Mtito. Ameniambia, "Usimkosee mama." Nikamwambia mama hakosewi, mama anakosea. Akasema mtandao mbaya.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesema. Kesho jioni naanza wiki ya usiku na sikuweza kuondoka bila kusema. Mavyaa alikuwa akikuna nazi. Nilianza kwa adabu.

"Mama, shikamoo tena."

"Marahaba. Mbona mara ya pili?"

"Nataka kuuliza bila kuudhi. Ile dawa ya Cindy, wampa?"

Aliacha kukuna. "Nampa."

"Kila siku?"

"Nampa kama ulivyoandika."

"Kwa sababu kliniki wanasema—"

"Kliniki hawalali na mtoto huyu. Mimi nalala naye." Akarudi kwenye nazi yake, na mbuzi ya kukunia ikapiga kelele kwa hasira yake yote. "Kama waona natupa dawa, kaitafute jalalani."

Nilikwenda kutafuta jalalani. Naandika hivyo kwa sababu nimejiwekea sharti la kusema kweli humu. Nilichakura maganda ya ndizi kwa kijiti, kidonge sikukiona hata kimoja, na bado sikumwamini.

Jumatatu, 16 Juni

Shuleni. Darasani safari hii. Nimefika imekwisha. Jino ni zima, kijiko hakikutumika, lakini darasa zima lilitolewa nje na Cindy akaachwa peke yake sakafuni hadi alipozinduka. Alizinduka chumba kitupu. Ameniuliza, "Mama, walikwenda wapi wote?"

Madam Margret alikuwa na barua tayari, imepigwa chapa. Inasema mzazi anakubali kwamba mtoto akianguka tena atabaki nyumbani hadi apone kabisa. Pana mstari wa kutia sahihi.

Nikamwambia, "Apone kabisa lini?"

"Hilo ni la daktari."

"Daktari amesema asome."

"Mama, nina watoto mia tano hapa."

"Na huyu ni mmoja wao."

Sikutia sahihi. Aliniambia nirudi Jumatatu ijayo nikiwa nimefikiri. Nimefikiri tayari, lakini nitarudi.

Jumatano, 18 Juni

Leo nimeaibika, na nitaiandika aibu yote.

Nilirudi kutoka kazini saa mbili nikajilaza. Usingizi ulikataa. Joto, na ile barua kichwani. Saa saba Cindy alikuja nyumbani kula kama kawaida. Siku zote wakati huo mimi huwa nimezama usingizini, sisikii hata ngoma. Leo nilikuwa macho, nimetazama dari. Nikasikia kijiko, sahani, kisha sauti ya mavyaa.

"Cindy."

"Abee, bibi."

"Njoo, saa yako imefika. Fungua mdomo. Maji. Meza. Hebu nione ulimi."

Niliruka kitandani nikatoka na shimizi. Mavyaa alikuwa ameshika mkebe.

"Mama! Wampa nini?"

"Dawa."

"Dawa saa hizi? Saa saba mchana?"

Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Akaninyooshea kifuniko. "Si wewe umeandika? Soma. Saba na saba. Mchana huu nampa akija kula. Usiku naweka simu ilie, naamka na mgongo wangu huu, namwamsha, namkalisha, nampa, nangoja ameze, namlaza tena. Saa saba kamili. Hata dakika sikosi. Nilidhani hospitali wana sababu zao."

Nilikaa chini, pale pale mlangoni.

Nesi alikuwa ameniandikia kwa saa za hospitali, za Kizungu. Mimi ninayesoma saa za kazini na za simu nilinakili tarakimu bila kufikiri: saba. Nikamwachia mtu ambaye maisha yake yote, na ngumbaru yake yote, saba ni saa saba. Saa moja angeiandika 1, na hapo angekuwa sahihi na mimi nimekosea.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, mbele yake. Jumapili ya kuanza usiku, mimi nampa saa moja asubuhi, jioni naondoka nikijua mavyaa atampa saa moja. Yeye angoja saa saba usiku. Saa kumi na nane bila kidonge. Ndiyo Jumatatu zake. Na Jumamosi ya kumaliza, yeye ampa saa saba mchana mimi nimelala, mimi naamka nampa saa moja jioni. Vidonge viwili ndani ya saa sita, na asubuhi cha tatu. Ndiyo usingizi wa kanisani.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Kosa ni langu."

Cindy alikuwa akimalizia maharage na kututazama kwa zamu.

"Wiki ngapi nimeamka?" mavyaa akauliza.

"Tatu na nusu, mama."

"Tatu na nusu." Akavuta kiti akakaa. "Na wewe Jumamosi ulikwenda jalalani. Nilikuona dirishani, na kijiti chako."

Nililia. Yeye hakulia. Alisema njaa hunitia ujinga, akanipakulia. Nilikula wali wake wa nazi huku machozi yanaingia sahanini, na chumvi yake ilikuwa imetosha kabla.

Nimempigia Nesi Justus. Akasema si mimi wa kwanza, ila tangu leo atawachorea watu jua na mwezi. Dawa ya pili imesimama kwanza. Ametupa hesabu ya kurudi saa moja na saa moja bila kuruka kidonge wala kurudufu. Kifuniko nimekifuta kwa mafuta ya taa. Mavyaa ameandika upya kwa mwandiko wake: asubuhi jogoo, jioni taa. Sikubadilisha hata herufi.

Na uzi je? Uko kiunoni. Nimeuacha. Haukumvunja jino mtu.

Jumatatu, 23 Juni

Tumekwenda shule wawili, mimi na mavyaa, yeye na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Madam Margret alitoa barua ile ile. Nilimweleza kosa la saa, lote, bila kujipunguzia. Akasema, "Kwa hiyo hataanguka tena?"

Hapo ningeweza kusema uongo, na mlango ungefunguka. Nikasema, "Anaweza kuanguka. Dawa haitoi ahadi. Na akianguka atasoma hapa hapa."

Alisukuma kalamu mbele yangu. Mavyaa akaichukua yeye. Akaisoma barua yote kwa sauti, neno kwa neno, kidole chini ya mstari, ofisi nzima ikisikiliza mpaka karani aliyekuwa akipiga muhuri. Alipofika "hadi apone kabisa" akasimama.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina sukari. Sitapona kabisa. Jumapili nisiende kanisani?"

Akaiweka kalamu juu ya barua.

"Sisi hatutii sahihi," mavyaa akasema. "Lakini twaomba chumba na nusu saa, tuwaambie walimu jinsi ya kumshika mtoto."

Nusu saa hatukupewa. Tulipewa robo, wakati wa chai, na walimu sita tu walibaki. Nililala mimi mwenyewe sakafuni kuwaonyesha. Mlaze ubavu. Ondoa viti. Usitie kitu mdomoni, wala kijiko, wala kiatu puani. Tazama saa. Zikizidi dakika tano, hospitali. Mtu asiondoke. Hilo la mwisho nilirudia mara tatu. Bramwel aliandika kwenye kiganja chake, kwa sababu daftari alikuwa ameliacha darasani.

Barua ilirudi kwenye droo. Madam alisema, "Tutaona siku hiyo." Naam, tutaona.

Jumapili, 29 Juni

Wiki ya usiku yaanza. Kanisani Cindy ameimba mpaka wimbo wa mwisho, na sauti hana.

Jumatatu, 30 Juni

Hakuna. Nimeandika neno hili huku mavyaa anatazama juu ya bega langu. Ameniambia niliandike kubwa.

HAKUNA.

Jumatano, 9 Julai

Hakuna. Baridi ya asubuhi, upepo wa kusi.

Jumatatu, 14 Julai

Wiki ya usiku, Jumatatu yake. Hakuna. Lenox amekuja siku mbili. Mavyaa amemsimulia habari ya jalala, na ameisimulia mara nne, kila mara kijiti kinarefuka.

Jumapili, 20 Julai

Hakuna. Naogopa kufurahi, na nafurahi.

Jumanne, 22 Julai

Saa tano asubuhi simu imelia ghalani, wiki ya mchana. Ni Bramwel. Kelele za mashine zilimeza maneno yake, nikapata mawili: Cindy, na ameanguka.

Sikuomba ruhusa. Nilivua aproni nikaiacha juu ya chai. Kutoka Changamwe hadi shuleni nilipanga maneno ya kumwambia Madam Margret. Nilipanga la barua, la kikombe, la jino. Nilipanga matusi ambayo mavyaa hajui kama nayajua. Nilijiambia sitatia sahihi, na kama wamemtoa nje nitamrudisha ndani kwa mkono wangu na kukaa naye dawati moja hadi muhula ufungwe.

Getini hakuna mtu. Uwanja mtupu. Nikadhani wametoa darasa tena. Nikakimbia hadi dirisha la Gredi ya pili.

Wote walikuwa ndani. Watoto arobaini na kitu, wameinama kwenye vitabu. Nyuma ya darasa Cindy amelala ubavu juu ya sweta tatu, na msichana mdogo ameketi kando yake anasoma, mkono mmoja begani mwake. Bramwel alikuwa ubaoni anaandika hesabu za kutoa, chaki hailii.

Aliniona akatoka. "Mama Cindy, pole kwa kukukimbiza. Ilikuwa dakika mbili na nusu. Nimepima na saa. Sikukuita uje, nilitaka tu ujue."

"Madam amesema nini?"

"Alikuja akasimama mlangoni. Akaanza kuita jina langu kwa sauti, hao watoto wakamwambia, 'Madam, shh, Cindy amepumzika.'" Alicheka kidogo, kwa woga. "Akarudi ofisini."

Nilingoja barua. Nilisimama kwenye baraza mpaka kengele ya mapumziko, nimekunja mikono, macho kwenye mlango wa ofisi. Hakuna aliyetoka nayo. Cindy aliamka, akanywa maji, akaniona dirishani.

"Mama, umekuja kufanya nini?"

"Kukuchukua."

Akageuka akatazama ubao. "Bado hesabu mbili," akasema, na akarudi kwenye dawati lake.

Matusi yote niliyoyapanga njia nzima nimerudi nayo nyumbani, sikutumia hata moja. Nilimsimulia mavyaa. Aliuliza swali moja tu: "Hawakumrudisha?" Nikasema hawakumrudisha. Akaniambia nirudi kazini kabla hawajanifukuza mimi.

Jumatano, 23 Julai

Dawa, ndiyo. Ameenda shule.